Orodha hakiki ya usalama wa upasuaji

Orodha hakiki ya usalama wa upasuaji ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosomwa kwa sauti na timu ya upasuaji katika nyakati tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijachanwa, na kabla mgonjwa hajatolewa katika chumba cha upasuaji. Ilitungwa na Shirika la Afya Duniani na kuzinduliwa tarehe 25 Juni 2008 mjini Washington, Marekani.

Lengo lake ni kuzuia makosa ambayo hayatokani na ugumu wa tiba bali na kusahau, kudhani na kutoulizana. Makosa hayo ni kama vile kupasua mtu asiyehusika, kupasua upande usio sahihi, kuacha gozi au kifaa ndani ya mwili, kusahau antibiotiki, au kuanza upasuaji wakati damu ya kumwongezea mgonjwa haijaandaliwa.

Kabla ya kuzinduliwa rasmi, orodha ilikuwa tayari inajaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8. Moja kati yake ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, Tanzania.

Makosa mawili ya Afrika Mashariki

Katika lugha ya kila siku kosa lolote la hospitali huitwa uzembe, lakini wataalamu wa usalama wa wagonjwa hutofautisha. Yapo madhara yanayotokea ingawa kila mtu alifanya kazi yake ipasavyo, kwa mfano mzio wa dawa ambao haukujulikana. Yapo pia makosa ambayo hayapaswi kutokea kamwe katika hospitali yoyote, tajiri au maskini. Kumpasua mtu asiyehusika ni mojawapo ya hayo, na Afrika Mashariki ina mifano miwili inayojulikana sana.

Mnamo Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) mjini Dar es Salaam, wagonjwa wawili walibadilishwa. Aliyetakiwa kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani alipasuliwa goti. Wote wawili walikuwa na jina la kwanza lilelile. Yule aliyepasuliwa kichwa bila sababu alipelekwa India kwa matibabu zaidi. Mwenzake, ambaye ndiye aliyehitaji upasuaji wa kichwa, alifariki. Tukio hilo liliandikwa na kujadiliwa sana nchini Tanzania, na kwa miaka mingi baadaye lilitajwa kila palipozungumzwa haki za wagonjwa.

Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa kawaida kichwani, usiohitaji kisu, alipelekwa thieta badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Vibandiko vya utambulisho vilikuwa vimebadilishana. Madaktari waligundua kosa baada ya kufungua fuvu na kuendelea na upasuaji kwa muda, walipoona kwamba damu waliyoitafuta haimo. Kwa bahati wote wawili walipata nafuu, na yule wa pili hatimaye hakuhitaji tena kupasuliwa. Habari zilipotoka mwanzoni mwa Machi, daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, wauguzi na mtaalamu wa usingizi walisimamishwa kazi, na mkurugenzi mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Madaktari wenzao waligoma wakidai kwamba daktari alipokea mgonjwa aliyekwisha kuandikwa jina na watu wengine, hivyo lawama haiwezi kuwa yake peke yake.

Hoja hiyo haimfariji mgonjwa, lakini ina uzito. Katika matukio yote mawili mgonjwa alipita mikononi mwa watu wengi: wauguzi wa wodi, wabebaji, mpokeaji wa thieta, mtaalamu wa usingizi, daktari. Kila mmoja angeweza kuligundua kosa, na kila mmoja aliamini kwamba aliyemtangulia alikwisha kuhakikisha. Kuongeza adhabu kwa mtu wa mwisho katika mnyororo hakuondoi imani hiyo. Orodha hakiki ilitungwa kwa ajili ya tatizo hilohilo.

Chimbuko

Wazo lenyewe lilitoka katika urubani. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field jimboni Ohio, ndege mpya ya kampuni ya Boeing ilianguka mara baada ya kuruka mbele ya maofisa wa jeshi la Marekani. Ndege haikuwa na hitilafu yoyote. Rubani, mmoja wa wazoefu kuliko wote jeshini, alisahau kufungua kizuizi kinachofunga usukani na mkia ndege inapokuwa chini. Yeye na mwenzake mmoja walifariki. Marubani waliobaki hawakuomba mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kuhakiki kabla ya kuruka, na ndege hiyohiyo, baadaye ikiitwa B-17, ilitumika kwa wingi katika Vita vya Pili vya Dunia.

Hospitali zilichelewa sana kufuata mfano huo. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 hufariki kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kutokana na makosa ya kitabibu. Makadirio hayo yamebishaniwa, lakini yalifungua mjadala. Mwaka 2004 chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani kilianza kudai mambo matatu kabla ya kila upasuaji: kuhakiki mgonjwa ni nani, kuweka alama mahali pa kupasua, na kusimama kidogo pamoja kabla ya kuanza. Mwaka 2006 daktari Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya jimbo la Michigan, ambako orodha fupi ya kuhakiki uwekaji wa mirija kwenye mishipa mikubwa ya damu ilipunguza sana maambukizi katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitafuta njia ya kupunguza vifo vya upasuaji duniani kote. Kwa makadirio yake, upasuaji mkubwa wapatao milioni 234 ulikuwa ukifanyika kila mwaka, watu wasiopungua milioni 7 walikuwa wakipata madhara makubwa, na milioni 1 walikuwa wakifariki. Kazi ilikabidhiwa kwa Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston na mwandishi. Rasimu ya kwanza, aliyoijaribu yeye mwenyewe, ilishindwa: ilikuwa ndefu, na hapakuwa na aliyejua nani aisome na lini. Gawande alikwenda kwa watunzi wa orodha za marubani katika kampuni ya Boeing, akaambiwa kwamba orodha nzuri ina mambo machache tu katika kila kituo, inasomeka kwa muda usiozidi dakika moja au moja na nusu, na haijaribu kumfundisha mtu kazi yake. Inataja tu yale ambayo hata mjuzi huyaruka.

Inavyosomwa

Toleo linalotumika sana lina vipengele 19 vilivyogawanywa katika vituo vitatu. Mtu mmoja, kwa kawaida muuguzi anayezunguka ndani ya thieta, ndiye anayesoma, na hairuhusiwi kuendelea na hatua inayofuata mpaka kituo kimekamilika.

Kituo cha kwanza hufanyika mgonjwa akiwa bado macho, na hiyo ndiyo sababu ya kukiweka hapo. Yeye mwenyewe anataja jina lake, anasema anafanyiwa upasuaji gani na wapi, na anathibitisha kwamba alitoa ridhaa. Timu inaangalia kama mahali pa kupasua pamewekwa alama kwa kalamu isiyofutika, kama mashine na dawa za usingizi zimekaguliwa, na kama kipimo cha oksijeni kimevalishwa kidoleni na kinafanya kazi. Kisha maswali matatu: je, ana mzio wowote? Je, njia yake ya hewa itakuwa ngumu kuingiza mrija, au kuna hatari ya matapishi kuingia mapafuni? Je, anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500, au kwa mtoto mililita 7 kwa kila kilo ya uzito? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, mishipa miwili iwe imewekewa sindano kubwa na maji au damu viwe tayari.

Namna ya kuuliza jina ina umuhimu wake. Wauguzi hufundishwa wasiseme "Wewe ni Juma?" bali "Unaitwa nani? Majina yako kamili ni yapi?" Swali la kwanza linajibiwa "ndiyo" na mtu mwenye hofu, aliyekwisha kupewa dawa ya kutuliza, asiyesikia vizuri, au anayeona haya kumpinga daktari. Katika nchi ambako wodi moja inaweza kuwa na akina Juma watatu, na ambako wengi huitwa kwa jina moja tu au kwa jina la mtoto wao wa kwanza, jina peke yake halitoshi. Hulinganishwa na kitambulisho kingine, kama vile tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili iliyoandikwa kwenye mkanda wa mkononi. Namba ya kitanda haihesabiwi kuwa kitambulisho, kwa kuwa wagonjwa huhamishwa.

Kituo cha pili ndicho chenye sifa ya kushangaza wageni. Mgonjwa amelala, daktari ameshika kisu, na kila mtu anasimama. Wote waliomo wanajitambulisha kwa jina na kazi, hata kama wamefanya kazi pamoja kwa miaka. Wengi huona jambo hili ni la kitoto. Watunzi waliliweka kwa makusudi: mtu aliyekwisha kusema jina lake mbele ya wenzake huwa mwepesi zaidi kufungua kinywa baadaye anapoona jambo haliko sawa, na katika thieta aliye wa chini mara nyingi ndiye anayeliona. Baada ya hapo yanasomwa jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kuchana. Inaulizwa kama antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Daktari anaeleza hatua ngumu anazotarajia, muda na damu itakayopotea. Mtaalamu wa usingizi anataja wasiwasi wake kuhusu mgonjwa huyu, na muuguzi anathibitisha kwamba vifaa vimechemshwa na kutakaswa. Mwisho, picha za eksirei au skani ziwe zimewekwa zinapoonekana. Kipengele hiki cha picha kinahusu moja kwa moja upasuaji wa kichwa kama ule wa Dar es Salaam na Nairobi, kwa kuwa kinamlazimisha daktari kulinganisha jina lililo kwenye picha na mtu aliye mezani.

Kituo cha tatu ni kifupi: upasuaji uliofanyika unatajwa kwa jina lake ili uandikwe sawasawa, sindano, vifaa na gozi vinahesabiwa, kinyama kilichotolewa kwa uchunguzi kinaandikwa jina la mgonjwa na kusomwa kwa sauti, vifaa vilivyoharibika vinatajwa, na timu inakubaliana juu ya mambo ya kuangaliwa mgonjwa anapozinduka.

Majaribio

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 orodha ilijaribiwa katika hospitali za Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, Ifakara, London na Seattle. Miji hiyo ilichaguliwa ili iwepo ya nchi tajiri na ya nchi maskini. Kosa la Muhimbili lilitokea katika kipindi hichohicho, na jaribio la Ifakara lilikuwa katika nchi hiyohiyo.

Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11.0 hadi 7.0. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Watafiti walitazama pia mambo sita ya msingi, kama vile kupima njia ya hewa, kutumia kipimo cha oksijeni na kutoa antibiotiki kwa wakati. Kabla ya orodha, wagonjwa waliofanyiwa yote sita walikuwa asilimia 34.2 tu, na baadaye asilimia 56.7. Maana yake ni kwamba hata baada ya mafanikio hayo, zaidi ya wagonjwa 4 kati ya 10 bado walikosa angalau jambo moja la msingi.

Wahudumu walipoulizwa maoni yao, wapatao mmoja kati ya watano walisema orodha si rahisi kutumia au inapoteza muda. Walipoulizwa kama wangetaka itumike wao wenyewe wakipasuliwa, asilimia 93 walisema ndiyo.

Uingereza iliagiza hospitali zote za umma za England na Wales kuanza kuitumia ifikapo Februari 2010. Nchini Uholanzi orodha nyingine, ndefu zaidi, inayoanza wodini na kumalizika mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, ilipunguza vifo kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha hospitali nane. Katika Tanzania, orodha ilikuwa sehemu ya mafunzo ya mradi wa Safe Surgery 2020 kwa timu za upasuaji za Kanda ya Ziwa.

Ukosoaji

Jaribio la hospitali nane lililinganisha kabla na baada tu, bila hospitali za kulinganishia ambazo hazikupewa orodha. Inawezekana sehemu ya nafuu ilitokana na watu kujua kwamba wanatazamwa. Pigo kubwa lilitoka jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2014. Watafiti walichunguza hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kwa agizo la serikali na hawakukuta tofauti ya maana: vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada. Hospitali hizo ziliripoti kwamba zinaitumia karibu kwa kila mgonjwa. Wakosoaji walijibu kwamba kuripoti si kutumia, na kwamba karatasi iliyotolewa kwa amri bila mafunzo huishia kutiwa vema na mtu mmoja pembeni, wakati mwingine baada ya upasuaji kwisha. Utafiti wa jimbo la South Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliunga mkono jibu hilo: hospitali zilizojiunga kwa hiari na kumaliza mafunzo zilipunguza vifo kwa asilimia 22 zikilinganishwa na nyingine.

Kwa hospitali za Afrika kuna tatizo la awali zaidi. Orodha huuliza kama kipimo cha oksijeni kinafanya kazi, lakini makadirio ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 70,000 duniani havikuwa na kipimo hicho kabisa. Shirika la hisani la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 ili kusambaza vipimo vya bei nafuu pamoja na mafunzo. Vilevile swali kuhusu damu halina faida pale ambapo benki ya damu ni tupu. Watetezi wa orodha husema kwamba hata hapo ina kazi, kwa kuwa timu inajua upungufu wake kabla ya kuchana na si katikati.

Tena, orodha inaishia mlangoni pa thieta. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha hospitali 247 za nchi 25, ulikuta vifo vya asilimia 2.1, takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora kuliko wa mabara mengine. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji, yaani mara nyingi wodini, ambako muuguzi mmoja huangalia wagonjwa wengi na hatari hugunduliwa kwa kuchelewa.

Upande wa sheria

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi misingi ya sheria ya madhara kutoka Uingereza. Anayedai fidia kwa uzembe wa kitabibu hutakiwa kuonyesha kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba alikiuka kiwango cha uangalifu kinachotarajiwa kwa mtaalamu wa aina yake, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. Sehemu ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mgonjwa alikuwa tayari anaumwa na kumbukumbu zote ziko mikononi mwa hospitali. Katika kupasua mtu asiyehusika au kusahau kifaa tumboni hali ni tofauti: jambo lenyewe linajieleza, na mzigo wa kutoa maelezo huelekea kwa hospitali. Pia hakuna ridhaa, kwani mtu alikubali kutibiwa goti, hakukubali kufunguliwa kichwa.

Kando ya mahakama, malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa baraza la taaluma, ambalo linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la madaktari. Baraza humhukumu mhudumu, na halitengenezi hospitali. Ndiyo maana nchi kadhaa zimeanzisha mifumo ya kuripoti makosa bila adhabu, pamoja na yale yaliyogunduliwa kabla ya kuleta madhara, kama vile mgonjwa aliyerudishwa wodini kutoka mlangoni pa thieta kwa kuwa jina halikulingana na faili.

Nafasi ya mgonjwa na ndugu

Shirika la Afya Duniani huadhimisha Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani kila tarehe 17 Septemba tangu mwaka 2019. Kuhusu upasuaji, mgonjwa anaweza kudai mambo machache yasiyogharimu kitu: kutaja majina yake kamili kila anapoulizwa na hata asipoulizwa, kusoma au kusomewa kilichoandikwa kwenye mkanda wake, kuona alama ikiwekwa upande unaouma akiwa macho, kutaja dawa zinazomdhuru, na kusomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Kwa mtoto, mgonjwa aliyezimia au asiyeweza kusema, kazi hiyo ni ya ndugu anayemsindikiza, naye aulizwe kabla hajaachwa nje ya mlango.